Pima mtiririko wa mto kwa chungwa, kamba na saa

Karibuni watazamaji. Wengi tunaotunza bonde la mto huandika kina cha maji tu, tukadhani tumeshaupima mto. Kina kinakuonyesha maji yamefika wapi, ila hakisemi ni maji kiasi gani yanayopita. Leo tunapima vyote viwili.

Anza na mahali. Tafuta sehemu iliyonyooka, walau mita 10, isiyo na mawe makubwa wala maji yanayozunguka. Usifanye haraka hapa, maana ukikosea mahali, hesabu yote imeharibika. Na kama maji yanapita magoti au yana kasi, usiingie kabisa. Ngoja yapungue.

Simamisha ubao uliochorwa sentimita, uukaze kwenye nguzo imara. Kisha weka alama kwenye mwamba ulio karibu na uandike sifuri ya ubao iko chini yake kwa kiasi gani. Mafuriko yakiung'oa, utaurudisha palepale.

Sasa vuta kamba toka ukingo hadi ukingo. Kila baada ya mita 1, zamisha fimbo usome kina. Mto huu una upana wa mita 4, nimepata 0.2, 0.4 na 0.3, na kingoni ni sifuri. Jumla ni 0.9, mara mita 1: eneo ni mita za mraba 0.9.

Twende kwenye kasi. Kwa nini chungwa? Kwa sababu huzama karibu lote, upepo haulisukumi kama chupa tupu. Litupe mita chache kabla ya mstari wa kuanzia ili lishike mwendo wa maji, ndipo ubonyeze saa. Rudia mara tano. Wastani wangu ni sekunde 20 kwa mita 10, yaani mita 0.5 kwa sekunde. Lakini maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwaruzana na sakafu ya mto, kwa hiyo zidisha kwa 0.85: inabaki 0.425. Zidisha kwa eneo, unapata karibu mita za ujazo 0.38, yaani karibu lita 380 kwa sekunde.

Iandike pamoja na namba ya ubao ya saa hiyohiyo. Pima tena kiangazi, pima tena mvua zikianza, kisha chora mstari unaounganisha kina na mtiririko. Ukishaupata, unasoma ubao tu, asubuhi na jioni, saa zilezile. Yakipita mafuriko makubwa, mchanga huhama na sakafu hubadilika. Mstari wa zamani usiutumie mpaka upime upya.