Mjusi Kaondoka Mara ya Pili

SOMOE: Mfaume, tumeshaanza?

MFAUME: Kitaa kinawaka, dada. Mwaga.

SOMOE: Hamjambo wasikilizaji. Mwenzenu nina msiba.

MFAUME: Hana msiba. Msimpe pole.

SOMOE: Ninao! Jumatano kaja mpwa wangu kutoka Lindi, pleistesheni kaifunga kwenye kanga ya mama yake. Hajanywa hata maji, kashachomeka kwenye TV yangu. Nikajua mpira. Kumbe ARK. Na nyie mnanijua, mimi na gemu za kukata miti na kujenga vibanda hatupikiki chungu kimoja.

MFAUME: Wewe zako za kuongea.

SOMOE: Zenye watu wanaojibizana, ndiyo. Lakini mtoto mgeni, nimkatalie? Tukaanza. Unaamka ufukweni, huna nguo ya maana wala panga, dinosaria wanapita kama mbuzi wa jirani. Ukitazama juu, minara inaelea. Hapo unajua kisiwa hiki si cha Mungu, kuna watu wamekiunda. Basi tunazunguka mwamba, namwona mmoja mfupi, miiba toka mgongoni mpaka mkiani. Nikamshika mtoto mkono: "Usimuue! Huyo Kentrosaurus. Huyo wa kwetu Tendaguru!"

MFAUME: Sahani ya kwanza. Tulikubaliana, ukimtaja mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi aliyepelekwa Ujerumani, unalipa sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini.

SOMOE: Aa-aa! Sijamtaja mjusi, nimetaja mahali.

MFAUME: Ming'oko haijui tofauti. Na pilipili isikose.

SOMOE: Sawa. Tukampiga mishale ya usingizi, akalala. Sasa unamlisha, unasubiri, unamlisha, mpaka akukubali. Mtoto kashampa jina, Chande. Imebaki kidogo kabisa, umeme puu!

MFAUME: (anacheka) Yaani gesi yote hii ya Mnazi Bay.

SOMOE: Usinikumbushe. Umerudi saa tatu usiku. Mtoto anawasha, haikusevu. Tuko ufukweni, mikono mitupu, Chande hayupo. Nikamwambia, mwanangu, mjusi wetu kaondoka mara ya pili.

MFAUME: Sahani ya pili. Na safari hii hata meli haikuhitajika.

SOMOE: Hii ya pili nailipa. Ilistahili.

MFAUME: Haya, tuingie kazini. Tuliahidi masomo matano kutoka tamthilia za anga na gemu. Soma la kwanza, karatasi unayo.

SOMOE: La kwanza ni jina. Star Trek, mwaka 1966, kwenye chombo cha anga kaketi Nichelle Nichols, mwanamke mweusi, ofisa wa mawasiliano. Anaitwa Uhura. Limetoka wapi? Kwenye "uhuru". Kiswahili kimefika nyota za mbali wakati barabara ya Kibiti kuja huku kwetu ilikuwa bado tope.

MFAUME: Wakageuza "u" ya mwisho ikawa "a", basi likawa lao.

SOMOE: Wamechukua jina kama walivyochukua...

MFAUME: Malizia.

SOMOE: Simalizii.

MFAUME: Nusu sahani. La pili nalisema mimi, nimeliandika mwenyewe: shabiki ana haki. Star Trek hiyo hiyo ilitaka kufutwa, watu wakaandika barua mpaka msimu wa tatu ukapatikana. The Expanse ilifutwa 2018 baada ya misimu mitatu. Mashabiki wakakodi ndege ipite juu ya studio za Amazon, inavuta bango la kuomba iokolewe. Ikaokolewa, ikafika misimu sita. Na ile gemu ya anga, Mass Effect 3...

SOMOE: Hapo simama.

MFAUME: Nilijua.

SOMOE: Hiyo usiichanganye na zile. Barua za Star Trek ziliomba mpishi asifukuzwe jikoni. Mashabiki wa Mass Effect walidai mwisho ubadilishwe, yaani walimnyang'anya mpishi mwiko. "Mchuzi wako mbaya, pika tena." Hilo si haki, ni ubabe.

MFAUME: Dada Somoe, ile gemu nimeibeba miaka. Ya kwanza imetoka 2007, ya tatu 2012, na uamuzi wangu unahama kutoka moja kwenda nyingine. Nilimnusuru Wrex kwenye ya kwanza, nikamkuta hai kwenye ya tatu, kiongozi wa watu wake. Shepard, shujaa wa gemu yenyewe, nimemlea mimi. Halafu mwisho wananiambia chagua rangi. Nyekundu, bluu, kijani. Rangi! Kama nachagua kopo la rangi dukani.

SOMOE: Lalamika. Nani kakuzuia? Mimi mwenyewe kijani kilinikera. Lakini kulalamika ni kitu kimoja, kumwambia mtunzi abadilishe ni kingine.

MFAUME: Wala hawakubadilisha. Juni mwaka ule ule walitoa nyongeza ya bure, mwisho ni ule ule, ila umeelezwa vizuri. Na ukitaka unaweza kukataa rangi zote tatu.

SOMOE: Na ukikataa unashindwa vita. Nimecheka sana. Hicho ndicho kitu pekee kizuri kwenye ile nyongeza, mtunzi kawajibu.

MFAUME: Kwa hiyo hadithi ni ya nani?

SOMOE: Ya aliyeitunga.

MFAUME: Si ya aliyetoa jasho na saa zake mia?

SOMOE: Ya aliyeitunga, Mfaume. Jasho lako la kukaa kwenye kochi?

MFAUME: Sawa. Basi mjusi ni wa Wajerumani.

SOMOE: Nini?

MFAUME: Wao ndio waliomuunganisha. Walichukua vipande, wakamsimamisha Berlin 1937, na leo kimo chake ni mita kumi na tatu na ushee. Kabla ya hapo alikuwa mawe shambani. Nyie Lindi mlikuwa mnapita juu yake mkienda kuchimba hiyo ming'oko.

SOMOE: Sahani hizo ni zako! Wewe ndiye uliyemtaja!

MFAUME: Nakubali, tatu na nusu tugawane. Jibu hoja.

SOMOE: Nakujibu. 1909 mpaka 1913, nani alichimba? Watu mia kadhaa wa kwetu, wengine wametoka kwenye Majimaji juzi tu, njaa bado iko tumboni. Msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mpaka leo kuna dinosaria ana jina lake, Australodocus bohetii, kapewa 2007. Mifupa ikafungwa mizigo, ikabebwa kichwani na mabegani, siku nne kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani mia mbili, Mfaume! Unajua tani mia mbili kichwani?

MFAUME: Kwa hiyo unakubali. Jasho linatoa haki.

SOMOE: Sijasema hivyo.

MFAUME: Umesema sasa hivi. Aliyebeba ana haki. Mimi nimembeba Shepard.

SOMOE: Ulimbeba kwa pedi ya gemu!

MFAUME: Miaka mitano.

SOMOE: Mjusi hakutungwa na mtu. Katoka kwenye ardhi, ardhi ina wenyewe. Shepard kuna mtu Kanada kakaa akamwandika neno kwa neno. Vitu viwili tofauti.

MFAUME: Lakini ukiambiwa wasanifu wa Berlin walimuunganisha, unasema waliobeba ndio wenyewe. Ukiambiwa mimi nimebeba, unasema aliyeunganisha ndiye mwenyewe. Chagua rangi, dada.

SOMOE: (kimya)

MFAUME: Nyekundu, bluu...

SOMOE: Usinifanyie hivyo. Wewe umelipia gemu, ukaburudika, ukalala. Waliobeba mifupa walipewa nini? Ujira mdogo, na hawakumwona akisimama. Ukinunua samaki pale feri, nahodha hakuulizi mtumbwi uende wapi kesho.

MFAUME: Nikinunua samaki miaka mitano kwa nahodha yule yule, siku ananiuzia mfuko wa maji ya chumvi, namuuliza.

SOMOE: Uliza. Usishike kasia.

MFAUME: Nashika.

SOMOE: Haya.

MFAUME: Haya.

(sauti ya mlango)

SOMOE: Mwenye chumba huyo, anaonyesha saa. Bado dakika ngapi?

MFAUME: Mbili. Magharibi inakaribia, anafunga.

SOMOE: Na somo la tatu? Nilitayarisha No Man's Sky, tena vizuri! Ile timu ndogo ya Uingereza, gemu ilitoka 2016 watu wakaitukana, wao kimya, wakaendelea kuongeza vitu bure mwaka hata mwaka...

MFAUME: Kwa hiyo wale walishikwa kasia wakapiga vizuri.

SOMOE: Hawakushikwa! Waliamua wenyewe... Aah, naona unachofanya. Hilo tunaliacha. Na la nne?

MFAUME: La nne na la tano hata sijui tuliandika nini. Karatasi umeikalia.

SOMOE: Basi wiki ijayo. Mpwa wangu yuko mpaka Jumapili, na nimekopa betri ya sola kwa jirani. Tunarudi ARK kumtafuta yule mwenye miiba.

MFAUME: Sahani ya nne na nusu.

SOMOE: Sijamtaja!

MFAUME: Mwenye miiba ni nani, nungunungu?