Monita ya Chogo Ilijua Iko Mwanza

Ndugu zangu mafundi, walimu na wanafunzi, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie kompyuta za zamani, nami nitakaa na kifaa kimoja tu: monita ya chogo. Ile iliyomaliza meza nzima, ukitaka kuihamisha unaikumbatia, na ikiwashwa asubuhi chumba kina joto hadi jioni. Wengi tuliikuta kwenye maabara za shule, au kwenye intaneti kafe za hapa mjini kabla mkongo wa baharini haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, enzi za madishi ya setelaiti, unalipia dakika huku picha inashuka kipande kwa kipande.

Naipenda monita ile na sioni haya kulisema. Ilikuwa kifaa cha kompyuta kilichomwonyesha mtu jinsi kinavyofanya kazi, na kilipougua kilimwonyesha fundi mahali panapouma. Ndiyo sababu nasema zisiishie zote kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Tuingie ndani. Mwaka 1897, huko Strasbourg, Karl Ferdinand Braun alitengeneza bomba la kioo la kuonyesha mwenendo wa umeme. Zaidi ya miaka 100 baadaye kanuni ilikuwa ileile. Shingoni mwa bomba kuna uzi mdogo unaopasha moto sehemu inayotoa elektroni, yaani chembe ndogo sana za umeme. Mbele yake kuna umeme mkali wa kuzivuta, na kwenye monita ya rangi ni volti 25,000 hivi. Zinakwenda kwa kasi ya karibu kilomita 90,000 kwa sekunde, kama theluthi moja ya kasi ya mwanga, mpaka zigonge unga uliopakwa nyuma ya kioo, nao uwake. Koili za shingoni, yaani nyaya za shaba zilizoviringwa, zinaupinda mwale huo wa elektroni, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Kwenye VGA, kiwango cha picha za kompyuta cha pikseli (vidoa vya picha) 640 kwa 480, kilicholetwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, mwale ulichora takriban mistari 31,500 kila sekunde. Ukurasa mzima ulioutazama ulichorwa na mwale unaokimbia, na jicho lako ndilo lililoshona.

Sasa linakuja jambo ninalolipenda kuliko yote. Elektroni zikiwa njiani, sumaku yoyote inazipotosha, na dunia nayo ni sumaku. Nyuma ya kioo cha monita nyingi za rangi kuna bati jembamba lenye matundu madogo sana. Miale humo ni mitatu, wa nyekundu, wa kijani na wa bluu, na ule wa nyekundu lazima upenye kwa pembe yake ndipo uguse unga mwekundu. Ukisukumwa kidogo unagusa wa kijani. Usumaku wa dunia kule Ulaya unaelekea chini ardhini, huku kwetu unaelekea juu. Kwa hiyo baadhi ya viwanda vilitoa monita za nchi za kaskazini, za kusini na za karibu na ikweta. Mwanza iko kama digrii 2.5 kusini mwa ikweta, na mtumba mwingi uliotufikia ulikuwa umetegeshwa kwa ajili ya kaskazini. Doa la zambarau kwenye kona, ambalo watu walidhani ni uchakavu, mara nyingine lilikuwa ni monita ambayo haijazoea ugeni. Hata kuigeuza tu kutoka kuelekea ziwani ikaelekea mjini kuliweza kubadilisha rangi. Ule mshindo wa “dum” ukiwasha, picha ikatetemeka, ni koili inayofuta usumaku uliobaki kwenye bati. Skrini bapa ya leo haijali kama iko Bwiru hapa Mwanza au Berlin. Ile ya chogo ilijali.

Kuna jambo la historia yetu pia. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga hadi 1994. Wenzetu wa Ulaya walizoea runinga kwanza, kompyuta ikaja baada ya miongo. Sisi vyote viwili vilitujia karibu pamoja, katika boksi lenye umbo lilelile. Fundi aliyekuwa anatengeneza redio akajifunza TV, na aliyejua TV akafungua monita bila kuogopa, maana humo ndani alikutana na ndugu wale wale: flaibeki (transfoma ya umeme mkali), transista, kapasita, bomba. Mikono ya mafundi wetu iliingia kwenye kompyuta kwa mlango huo, si kwa cheti.

Na ugonjwa ulisomeka. Mstari mmoja mweupe uliolala katikati ya skrini? Mwale umekosa wa kuupandisha na kuushusha, kaangalie saketi ya wima. Picha yote imekuwa ya njano? Rangi moja imepotea. Kagua kadi ya shingoni, huenda lehemu imepasuka. Picha inapanuka ukiongeza mwanga? Umeme mkali unayumba. Mtoto wa darasa la saba aliyekaa dukani kwa mjomba wake likizo moja aliweza kuanza kufikiri kifundi, kwa sababu chanzo na dalili vilikuwa karibu. Leo paneli ikifa, jibu mara nyingi ni moja: nunua nyingine.

Simaanishi turudi nyuma. Monita ya inchi 17 ilikula hata wati 80 au zaidi, na kwenye 60 Hz, yaani picha ikichorwa mara 60 kwa sekunde, macho yaliwasha. Tena ndani yake kuna hatari, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kioo cha sehemu ya nyuma ya bomba la rangi kina madini ya risasi, karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wake, yaliyowekwa kuzuia miale ya eksirei. Bomba halina hewa ndani, likipigwa nyundo linalipuka kuelekea ndani na vipande vinaruka. Na linaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani. Vijana wanaovunja shingo wapate shaba ya koili wanaumia kwa pesa ndogo sana, na kioo kinachobaki kikitupwa kwenye mitaro kinakwenda Mto Mirongo, na Mirongo unamwaga ziwani, tunakokunywa na kuvua.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa shule ni hili: kabla stoo haijasafishwa, mwiteni fundi wa zamani achague monita moja au mbili zinazowaka, zikae kwenye maabara ya fizikia. Mwanafunzi akisogeza sumaku ndogo mbele ya kioo akaona rangi zinavyokimbia, ameona kwa macho kile ambacho kitabu kinakichora kwa mishale. Sumaku iwe ndogo kweli, kubwa inaacha doa. Zilizokufa zitolewe nzima, bila kuvunjwa, kwa watu wenye kibali cha kushughulikia taka za kielektroniki.

Nanyi mafundi wa Makoroboi, Kirumba na Igoma, ambao mmezeeka na pasi ya kulehemu mkononi: chukueni kila mmoja kijana mmoja, mfundisheni kwanza kutoa chaji kwenye bomba kwa usalama, mkono mmoja ukiwa mbali na chasisi, yaani fremu ya chuma ya ndani. Hayo mengine atayauliza mwenyewe.