"Umeelewa?" si kipimo

Ndugu zangu, mada ni jinsi ya kupima kama mgonjwa wa moyo ameelewa maradhi yake, na wanaonijua wanajua nitaanzia wapi. Mgonjwa wa moyo amewekewa stenti, kile kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa ubaki wazi, leo anaruhusiwa. Viatu keshavaa, jamaa zake wako mlangoni. Muuguzi anamsomea maelezo ya dawa harakaharaka, kisha: "Umeelewa, mzee?" Mzee anajibu, "Nimeelewa." Kwenye faili panaandikwa: mgonjwa ameelimishwa. Hivi mlitaraji aseme nini?

Sasa mwulizeni hivi: "Mzee, wakikuuliza nyumbani umefanyiwa nini, utawaambiaje?" Hapo ndipo mtasikia mambo. "Mshipa uliziba, wameuzibua, nimepona." Mwanzo wa jibu ni sahihi kabisa, neno la mwisho linaweza kumuua. Stenti imefungua sehemu moja tu. Maradhi yenyewe, yale mafuta yanayojijenga kwenye kuta za mishipa, hayajaenda popote. Na mtu aliyepona ameze vidonge vya nini? Anaacha dawa ya kuzuia damu kuganda kabla ya muda wake, damu inaganda ndani ya stenti ileile, anarudishwa na mshtuko wa moyo akiapa kwamba hakuambiwa. Aliambiwa! Ila hakuna aliyepima kama lilimwingia.

Najua yupo hapa anayesema moyoni, "Daktari, madodoso, yale maswali ya kupima uelewa wa mgonjwa, si yapo?" Yapo, na mengine mazuri. Lile la Uholanzi la mwaka 2005, la wagonjwa ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri, lina maswali 15, kila swali majibu matatu ya kuchagua. Haya, pigeni hesabu: asiyejua lolote, akibahatisha tu, ataambulia kama 5. Yale ya ndiyo na hapana ndiyo kabisa, nusu ya alama ni za bure! Tena jumla huficha. Mtu anapata 13, tunampongeza, kumbe hajui kwamba uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji yanajaa mwilini, apige simu leo, asingoje kliniki. Mimi nataka nione alilokosa. Hiyo 13 kaeni nayo.

Mengine nayapitia mbio. Pimeni kabla ya kufundisha, siku ya ruhusa, na tena miezi kadhaa baadaye, maana siku ya ruhusa kila mtu anakumbuka. Asiyejua kusoma asomewe, lakini asisomewe na mwanawe, kwa sababu mwana ndiye atakayejibu. Suala la anayejua vizuri na bado anavuta sigara nilikuwa nimeliandalia nusu saa nzima. Naona halipati nafasi. Karibuni maswali.