Mama kaja Texas kakuta mjukuu haendi shule 😅

Mambo zenu jamani, leo hata poda sijapaka, mdogo kalala sa hivi na huyu akilala ni dakika ishirini tu, kwa hiyo nisizunguke. Mmeniuliza sana inbox, dada eti ni kweli mwanao haendi shule? Kweli. Mkubwa ana miaka minane, shule alikaa miezi mitatu nikamtoa.

Na polisi hawajaja, msiogope. Hapa Texas mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilishaamua mwaka 1994 kwamba ukimfundisha mtoto nyumbani ni sawa na yuko shule ya binafsi, mradi ufundishe kweli, kusoma, spelling, sarufi, hesabu na uraia mwema, basi, hujiandikishi popote wala hakuna mtihani wa serikali. New York ingekuwa habari nyingine, kule unaandika ripoti mara nne kwa mwaka, na Ujerumani ndo usijaribu kabisa.

Sasa mama yangu katoka Tanga kaja kututembelea. Siku ya tatu, Jumatano, saa nne asubuhi, mjukuu yuko sebuleni na pajama anapanga magari. Mama kanifuata jikoni taratibu, "Mwanangu, huyu yuko darasa la ngapi?" Nikamwambia hayuko darasa lolote mama. Akaniangalia. "Anaumwa?"

Nikaanza kumuelezea, inaitwa anskulingi, kuna mwalimu wa Kimarekani John Holt aliianzishia na jarida mwaka 1977, mtoto anafuata kile anachokitaka mwenyewe na wewe unamsindikiza. Mama kasikiliza mpaka mwisho, akasema haya, akaendelea kukatakata vitunguu. Mnaijua ile haya ya mama.

Tukahamia kwa mdogo. Analala na mimi chumba kimoja, akilia nambeba, nimemnyonyesha mpaka kavuka miaka miwili, na huku hayo yote yana jina, malezi ya ukaribu, akina mama wana magrupu na vibebeo vya kitambaa ukiambiwa bei unakaa chini. Mama akauliza kibebeo ndo nini, nikamuonyesha, akakigeuzageuza. "Si mbeleko hii?"

Hapo ndo nikampa stori ambayo na nyie naipenda muisikie. Kuna mwanasaikolojia, Mary Ainsworth, alikuwa amefanya kazi London na yule daktari John Bowlby aliyeanza kusema mtoto anahitaji mtu wake wa kumng'ang'ania. Mwaka 1954 huyu mama akaenda Uganda, akawa anazunguka vijiji vya karibu na Kampala, anakaa na familia 26 za Kiganda akitazama tu, mtoto anamfuata nani, mama akitoka analia vipi, akirudi anampokeaje. Kitabu akakitoa 1967, na mengi wanayotufundisha wataalamu wa malezi huku yalianzia pale kwenye mikeka ya watu. Mama alicheka mpaka akashika meza. "Kwa hiyo wametuchungulia sisi, wakaja kuwauzia nyie!"

Ila kwenye kutokuchapa, huku wanaita malezi ya upole, hatukucheka. Mimi darasa la tatu nilichapwa kwa kukosa hesabu za kugawanya, mpaka leo nikiona ile alama ya kugawanya tumbo linakaza, ukubwani wote huu. Mama yeye anaamini fimbo ndo imenifikisha Marekani. Kuna siku mkubwa kajibwaga chini supamaketi, analia anataka juisi ya buluu, mimi nimechuchumaa pembeni namwambia najua umekasirika mwanangu, mama kasimama na toroli anajifanya hatujui. Kwenye gari kimya. Na niwe mkweli, wiki mbili nyuma yake nilikuwa sijalala vizuri, nikamzaba yule mtoto kibao cha mkono, nikalia kuliko yeye. Huu upole kwetu ungebebwa na mashangazi, mabinamu na jirani, huku niko mimi na ukuta, baba yao yuko shifti.

Kilichomgeuza mama ni bao. Mama yangu ndo mwanamke pekee mtaani kwetu aliyekuwa anakaa na wazee kucheza bao, basi akaboreka, akataka bao. Hamna. Mkubwa akaleta maboksi ya mayai, yale ya dazani. Bibi akamwambia tunataka mashimo 32, safu nne za nane nane. Mtoto akahesabu, boksi moja 12, manne ni 48, yamezidi 16, kwa hiyo kila boksi tukate mashimo manne. Kayakata mwenyewe na mkasi, kayapanga mawili juu mawili chini, kete ni maharage 64. Mama kaduwaa, maana hesabu ile mimi ningeshika simu. Wiki hiyohiyo mtoto anajua namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete, anajua mtaji, ile ya pili, anailinda nyumba yake, lile shimo kubwa la kete, kama ana hati, anamwambia bibi yake "usile hapo, hujaona kichwa, shimo la mwisho?"

Kusoma bado lakini. Anasoma kwa kudonoa, wenzake wa umri wake wanasoma vitabu vizima, na kuna usiku nalala macho kodo najiuliza namharibia maisha au vipi. Siwafichi.

Halafu nyie mlioko nyumbani msije mkamtoa mtoto shule kisa video yangu, tafadhali. Bongo elimu ya msingi ni lazima kisheria, na bila cheti cha form four milango mingi inafungwa, huku mwanangu anaweza kuomba chuo kwa rekodi nitakazomuandikia mwenyewe na mtihani wa SAT, ule wa kuombea chuo. Na mimi nimeacha kazi, tunaishi kwa mshahara mmoja, hilo watu wa malezi ya upole huwa hawalipostigi.

Mama kasharudi Tanga mwezi uliopita, kaondoka na boksi moja la mayai kwenye begi. Juzi nafungua grup la ukoo nakuta voice note yake anamwambia shangazi, mjukuu yuko darasa la tatu, hesabu ndo usiseme.

Nimeiacha hivyohivyo. Haya, huyo kaamka.