Masomo Matatu ya Mtoto wa Gredi ya 9

Assalaam aleikum, wazazi wenzangu. Hamjambo nyote? Ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja hapa Tononoka, maana najua Jumamosi ndiyo siku ya biashara kwa wengi wenu.

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 9. Tangu watoto wa kwanza wa mtaala huu wa umilisi wa Kenya waingie sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, Januari 2026, swali ninaloulizwa ni lile lile: "Mwalimu, mwanangu aende mkondo gani?" Mikondo ni mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Nami huwauliza, je, atasoma masomo gani matatu? Kiingereza, Kiswahili na hisabati atasoma kama wenzake wote. Yale matatu ya kuchagua ndiyo atakayoamka nayo na kulala nayo mpaka Gredi ya 12.

Nina mwanafunzi mmoja wa Likoni. Siku niliyokwenda kwao nilimkuta barazani, mashine ya boti imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia, naye anasugua plagi kwa msasa. Anasugua, anapuliza, anaielekeza juani aitazame, anasugua tena. Kabla sijakaa alishanieleza kwa nini ile mashine inazima ikifika maji makuu. Babake akasema, "Huyu ataka kuwa daktari, mwalimu. Muandike STEM." Mtoto akainamisha kichwa. Nikauliza, "Ataka nani, baba?" Hakunijibu.

Wazazi, STEM si biolojia, kemia na fizikia pekee. Mna umeme, mna ujenzi, mna useremala, kilimo, kompyuta. Na mna somo la teknolojia ya bahari na uvuvi! Bandari iko Kilindini hapo, chuo cha mabaharia kiko mji huu huu, na bado wazazi wengi ninaokutana nao hawajalisikia somo hilo. Jambo hili laniuma. Tumezaliwa na bahari mlangoni, kisha tunamwona kijana anayeshika spana kuwa ameshindwa na masomo.

Kuna wanaoikimbia STEM wakidhani wataiepuka hisabati. Hawataiepuka. Wa STEM wanasoma ile nzito, mikondo mingine ina ile nyepesi, lakini hisabati ni ya wote. Kwa hivyo mtoto asikae sayansi za jamii kwa woga. Akae kwa kuwa anapenda historia, au fasihi, au biashara.

Na msingoje Gredi ya 9 ndipo mshtuke. KJSEA, ule mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, ni asilimia 60 ya alama za kumpeleka sekondari pevu. Asilimia 20 inatoka mtihani wa Gredi ya 6, na 20 nyingine ni kazi anazopimwa shuleni Gredi ya 7 na ya 8.

Sasa shule. Mtoto anachagua shule 12, na si kila shule ina mikondo yote mitatu. Hapa nitasema yangu. Binti yangu alichagua sanaa. Kuchora ndiyo pumzi yake. Tulifika na sanduku, godoro na barua yake, tukaambiwa mwalimu wa sanaa hayupo, achukue somo jengine. Alilia garini njia nzima, nami ni mwalimu, nilipaswa kuuliza mapema. Sikuuliza. Basi nyinyi ulizeni. Nendeni shuleni kabla ya kujaza majina, mtake kuonyeshwa karakana na maabara, mwulize mwalimu wa somo hilo ni nani na ana wanafunzi wangapi. Msiridhike na lililoandikwa kwenye orodha.

Yule kijana wa Likoni, babake alinijia wiki iliyofuata. Alitaka kujua somo la bahari linafundishwa shule zipi. Tulikaa naye tukazitafuta moja moja.

Mama pale nyuma, mkono wako nimeuona tangu mwanzo. Uliza, mamangu.