Ng'ombe wa ng'ambo, na kwa nini naomba muiache os.system

Haya jamani tuanze, wa nyuma sogeeni, feni iko huku. Mlionisikia zamani mnajua ntasema nini na ntasema tena, maana wiki hii tu nimefungua skripti ya kijana mmoja hapahapa Tanga nikakuta os.system, ile njia ya Python ya kuita programu nyingine kwa sentensi moja ya amri, maneno yameungwa kwa alama ya kujumlisha, na katikati kapachika jina la mteja. Jamani!

Kisa chenyewe ni hiki. Kulikuwa na kikundi cha wafugaji kule Pangani, wengine wako mjini, wengine ng'ambo ya mto upande wa Bweni, maziwa yao yanavuka na kivuko asubuhi. Nikawaandikia skripti ya Python, inasoma orodha, kila mstari inaita programu nyingine ya kwenye terminali itengeneze risiti. Programu hiyo inataka vitu viwili tu, kwanza maelezo, pili jina la faili. Nikaandika hivi:

os.system("risiti '" + maelezo + "' " + faili)

Maziwa ya mbuzi, risiti safi. Maziwa ya ng'ombe, terminali inalia: Unterminated quoted string. Yaani umefungua nukuu hujaifunga. Kwa sababu os.system haiongei na programu moja kwa moja, inampa sheli (sio ile ya mafuta, ni programu inayosoma amri unazoandika kwenye terminali) sentensi nzima, sheli ndo inaisoma upya na kuikatakata vipande, na ikiona ile apostrofi ya ng'ombe inadhani nukuu yako imeishia hapo.

Hilo sikulia nalo, kosa likipiga kelele unaliona, unalirekebisha. Lililoniumiza ni la watu wa Bweni. Maelezo yao yalikuwa "maziwa ya ng'ombe, ng'ambo". Hesabuni apostrofi: mbili zao, mbili zangu, jumla nne, zimefungana jozi jozi, sheli haina la kulalamika. Kipande cha kwanza kikatoka "maziwa ya ngombe," halafu ikaona nafasi ikakata, kipande cha pili kikawa "ngambo". Na cha pili ni nini? Jina la faili! Basi risiti zote za ng'ambo zikaandikwa kwenye faili moja linaitwa ngambo, kila mpya inaifuta iliyotangulia, akabaki na risiti mtu mmoja tu, wa mwisho kwenye orodha. Hakuna kosa hata moja lililotokea kwenye skrini. Akaja mama mmoja na daftari lake la kalamu, kaliweka mezani, kaniuliza, mwanangu, lita zangu ziko wapi?

Sasa najua kuna mtu hapa anawaza, si uondoe tu apostrofi? Hapana! Ng'oa ni kung'oa mhogo, ngoa ni wivu na tamaa, uliza bibi yako. Ng' kwetu ni sauti kamili, huwezi kumbadilishia mtu jina lake kwa sababu wewe umeshindwa kuita programu vizuri. Mwingine atasema kuna shlex.quote, ile ya Python inayofunga maneno kwa nukuu salama kabla ya kumpa sheli. Ipo, na inafanya kazi, ukilazimika kabisa kupita kwa sheli ya Unix (babu yake Linux) itumie, ila mi nauliza, dalali wa nini wakati mwenye nyumba yupo mlangoni? Kila siku tunatishwa na wadukuzi watakaopachika rm -rf, amri ya kufuta mafaili, sawa, tishio ni la kweli, lakini huyu mama hakuwa mdukuzi, alikuwa na ng'ombe.

Dawa ni mstari mmoja:

subprocess.run(["risiti", maelezo, faili], check=True)

Orodha, mabano ya mraba, kila kitu kipande chake, na msiongeze shell=True. Sheli haipo hapo katikati, apostrofi inafika kama ilivyo, nafasi pia, hata nukta mkato.

Muda umeniishia kwa hiyo haya mengine nayapitia mbio. Data ikiwa ndefu usiiweke kwenye amri, Linux inakataa kipande kimoja kikifika kilobaiti 128, ipitishe kwa stdin, mlango wa programu wa kupokea data: kwenye subprocess.run ongeza input=maandishi, text=True, basi. Hii ni ile paipu ya Unix, Doug McIlroy pale Bell Labs aliandika mwaka 1964 kwamba programu ziungwe kama mpira wa bustani, Ken Thompson akaja kuitia kwenye Unix mwaka 1973. Na mpira unajaa! Kwenye Linux kwa kawaida ni kilobaiti 64, ukitumia Popen, ndugu yake run anayekuachia uongee na programu mwenyewe, ukawa unaandika tu bila kusoma majibu, wewe unaisubiri programu, programu inakusubiri wewe, mtakaa hapo mpaka asubuhi. Tumieni communicate, inaandika, inasoma, na inafunga stdin, maana usipofunga programu inadhani bado unaendelea kuongea.

Nywila nayo msiiweke kwenye amri, kwenye mashine ya watu wengi mtu akiandika ps aux, amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa, anaisoma hivihivi. Ya mafaili yanayoanza na kistari tutaongea siku nyingine.

Fungueni laptop. Orodha ya maziwa iko kwenye hii flashi, ipitisheni. Anzeni na wa Bweni, na kila mmoja wao apate risiti yake.