Jinsi ya kuhifadhi mipangilio kwenye BibleTime na kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Karibuni. Niko nyumbani Moshi, ni asubuhi, Kibo imeonekana kidogo kabla ya mawingu kuifunika, na kompyuta iko mbele yangu. Leo nawaelekeza jambo moja ambalo naona wengi wanaotumia BibleTime hawaligusi, na wanapoteza muda mwingi kwa sababu hiyo.

Kwa mgeni: BibleTime ni programu ya bure ya kujifunza Biblia. Inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na vitabu vyake vinatoka kwenye SWORD, maktaba ya vitabu vya Biblia vya kompyuta ya shirika la CrossWire. Ukishapakua vitabu unavyovitaka, huhitaji bando tena, unasoma hata kama huna mtandao. Namna ya kupakua sitaieleza leo. Nachukulia kwamba tayari unavyo vitabu vitatu vinne.

Tuanze. Tazama kioo changu. Nimefungua Biblia ya King James kwenye Zaburi 121, ile yenye namba za Strong, yaani namba zinazokuonyesha neno la asili la Kiebrania au Kigiriki. Kulia nimefungua ufafanuzi wa Matthew Henry. Chini nina kamusi ya Kiebrania. Biblia yangu ya Kiswahili ya Union Version, ile ya 1952, iko hapa mezani, ya karatasi, imefunguliwa Zaburi hiyo hiyo. Haya yote ni kwa ajili ya mahubiri ya Jumapili.

Sasa jioni nina jumuiya. Kule tunasoma Marko sura ya 4, habari ya mpanzi. Je, nifunge madirisha haya yote, nifungue mengine, halafu kesho nianze kuyapanga upya? Hapana. Fuatana nami.

Juu kabisa kwenye menyu, bofya Window. Shuka chini utaona neno session limerudiwa mara kadhaa. Session hapa ni picha nzima ya meza yako: vitabu gani viko wazi, viko upande gani, vina ukubwa gani, na umefika aya ipi. Mimi nitaiita mpangilio. Bofya Save as new session. Kinatokea kisanduku kinachouliza jina. Naandika MAHUBIRI. Nabofya OK. Basi, umehifadhiwa.

Hapo kwenye jina naomba tusimame kidogo. Usiandike "mpya" wala "mpya 2". Nimesaidia watu kadhaa kwenye kompyuta zao nikakuta majina ya namna hiyo, na mwenyewe hajui kilichomo hadi afungue. Andika jina la kazi: mahubiri, jumuiya, shule ya Jumapili, mazishi. Mtu akifiwa usiku na wewe ndiye unayetakiwa kusema neno asubuhi, unataka uone MAZISHI, ubofye, ukute Yohana 11 na Wathesalonike tayari viko mbele yako.

Sasa tunatengeneza wa pili, na ndipo penye mtego. Usianze kuyafunga madirisha ya Zaburi 121 sasa hivi! Rudi Window, bofya Save as new session tena, andika JUMUIYA. Kwa sasa JUMUIYA inafanana kabisa na MAHUBIRI, ni nakala yake. Usiwe na wasiwasi. Baada ya kuipa jina ndipo ubadilishe: nafunga kamusi ya Kiebrania, sina kazi nayo kwenye Marko. King James naipeleka Marko 4. Matthew Henry namwacha palepale, ila nabofya kile kitufe kidogo cha kuoanisha kilicho juu ya dirisha lake, ukisogeza kipanya juu yake kitakuambia Sync. Kuanzia hapo nikihama aya kwenye Biblia, ufafanuzi unanifuata. Umeona? Nimeenda aya ya 14, naye ameenda aya ya 14.

Kwa nini nasisitiza jina kwanza, mabadiliko baadaye? Kwa sababu BibleTime inahifadhi mpangilio uliomo kila unapotoka humo. Ukihama, inahifadhi ulivyouacha. Ukifunga programu, inahifadhi ulivyouacha. Haiulizi. Mimi niliwahi kukaa na mpangilio wa somo la Waraka kwa Waebrania niliokuwa nimeujenga kwa wiki tatu. Siku moja mtoto akaniuliza habari za Yona, nikafungafunga madirisha ili nimwonyeshe, kisha nikahamia mpangilio mwingine. Niliporudi, Waebrania haikuwepo, Yona ndiye aliyekaa pale. Programu ilifanya kazi yake vizuri, ilihifadhi nilichoiachia. Tangu siku hiyo nina mpangilio mmoja naouita MEZA WAZI. Mtu akiniuliza swali la ghafla, nahamia huko kwanza, navuruga ninavyotaka, kisha narudi.

Kuhama kwenyewe ni rahisi. Window, kisha Load session. Orodha inafunguka, na ule uliomo una alama ya tiki. Nabofya MAHUBIRI. Tazama: Marko imeondoka, Zaburi 121 imerudi, kamusi iko chini pale pale ilipokuwa.

Na kwa kuwa tumerudi hapa, niwaonyeshe kwa nini napenda dirisha hili libaki kama lilivyo. Aya ya kwanza, King James inasoma kama kauli: nitainua macho yangu milimani, unakotoka msaada wangu. Union Version hapa mezani inauliza: "Msaada wangu utatoka wapi?" Kwa sisi tunaoamka tukiuona mlima, tofauti hiyo ni kubwa. Msaada unatoka mlimani, au mtu anautazama mlima na bado anauliza? Kiebrania kinauliza, na jibu liko aya ya pili, kwa Bwana. Sasa nasogeza kipanya juu ya neno la msaada: namba 5828, ezer. Ni neno lile lile la Mwanzo 2:18, "msaidizi". Nikiwa na madirisha haya pamoja naliona hilo kwa nusu dakika. Nikiyapanga upya kila siku, nusu saa imekwisha na sijasoma kitu.

Kuna maswali mawili ambayo huwa naulizwa. La kwanza: alamisho zangu zitapotea nikihama? Hapana. Alamisho zinakaa upande wa kushoto na ni zile zile kwenye mipangilio yote. La pili: nikikosea, nafutaje? Window, Delete session, chagua jina. Soma jina vizuri kabla hujabofya, na uwe umekaa kwenye mpangilio mwingine, siyo huo unaoufuta.

Save session yenyewe, isiyo na neno new, kama ipo kwenye toleo lako, itumie kwa tahadhari. Inakupa orodha ya mipangilio uliyo nayo, na ukichagua mmoja, kilicho kwenye kioo chako sasa kinakaa juu ya kilichokuwemo. Mimi siigusi mara nyingi.

Umeme ukikatika nako, kompyuta ikizimika ghafla, mabadiliko ya mwisho yanaweza yasiwemo, kwa sababu hukutoka kwa kawaida. Kwa hiyo ukimaliza kupanga jambo kubwa, hamia mpangilio mwingine kisha urudi. Kwa kufanya hivyo tu, umehifadhi.

Nafunga programu mbele yenu. Naiwasha tena. Zaburi 121, kamusi chini, Matthew Henry kulia. Sasa Window, Load session, JUMUIYA. Marko 4, aya ya 14. Naiacha hapo hapo, maana saa kumi na mbili jioni wapendwa wataanza kuingia.